Ushirika wa Mtunzi, Mwimbaji na Wapigaji katika Taarabu ya Unguja

Wimbo wa taarabu husikiwa kwa sauti ya mtu mmoja, lakini haufanywi na mtu mmoja. Yuko aliyetunga maneno, yuko aliyetia muziki, wako wapigaji wa ala, wako waitikiaji, na yuko mwimbaji anayeikabili hadhira. Kila mmoja wao ana kazi yake, na kazi ya mmoja haikamiliki bila ya kazi ya mwenziwe. Kwa hiyo ushirika wa watu hawa si jambo lililo nje ya sanaa yao, bali ni sehemu ya sanaa yenyewe. Ukiwa mwema, wimbo hutoka ukiwa na sura aliyoikusudia kila mmoja; ukiharibika, wimbo huweza kubaki masikioni mwa watu na majina ya waliouzaa yakapotea. Makala haya yanaeleza namna ushirika huo unavyojengwa katika Unguja, maneno ya Kiswahili yanayoutumikia, na mahali ambapo aghalabu huvunjika.

Asili ya vyama

Taarabu iliingia Unguja kwa mlango wa jumba la kifalme. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo ili ajifunze kupiga ganuni. Katika hali hiyo uhusiano wa kazi ulikuwa mwepesi kufahamika: mfalme alikuwa mwenye kuamuru na kulipa, na mpigaji alikuwa mwenye kutii na kulipwa. Hapakuwa na haja ya kuulizana nani ana haki gani katika wimbo, maana yote yalikuwa ya baraza.

Mambo yaligeuka kilipoundwa chama cha Ikhwani Safaa mwaka 1905. Jina hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni ndugu wa usafi, yaani ndugu ambao nyoyo zao hazina taka. Lilikwisha kutumiwa na kundi la wanazuoni wa Basra katika karne ya 10. Waliolichagua Unguja hawakujiita wapigaji wala watumbuizaji, walijiita ndugu. Uchaguzi huo una maana kubwa. Mwanachama hakuwa mtu wa kukodiwa. Alikuwa na kazi yake ya mchana, na jioni alikwenda chamani kwa mapenzi ya muziki na ya wenziwe. Vyama vilivyofuata, kama Culture Musical Club ambacho asili yake ni ya mwaka 1958, navyo vilisimama juu ya nguzo hiyo hiyo ya uanachama.

Undugu huo ulileta faida nyingi. Uliwafunza vijana bila ya ada, ulistahimili makosa ya mwanafunzi, na uliwakutanisha chini ya dari moja watu wa kazi na daraja mbalimbali. Lakini undugu una dhara moja iliyojificha ndani ya wema wake: ndugu hawaandikiani hati. Aliyetunga wimbo hakuona haya wala haja ya kudai atajwe, maana kila mwanachama alijua kuwa wimbo ni wake. Ujuzi huo ulitosha maadamu wimbo uliimbwa mbele ya watu wale wale. Haukutosha tena siku wimbo ulipotoka nje ya mlango wa chama.

Majina ya kazi

Kiswahili kina vitenzi mahususi kwa kila mkono unaoshiriki katika wimbo, na yafaa vitazamwe kimoja kimoja, kwa kuwa ndani yake imo mizani ya haki.

Maneno ya wimbo hutungwa. Kitenzi kutunga ndicho kitumiwacho pia kwa ushanga: punje zilizotawanyika huingizwa katika uzi mmoja, kila punje mahali pake. Mtunzi basi ndiye aliyepanga, na anayechomoa punje moja hana budi kujua kuwa anaugusa uzi mzima.

Muziki hutiwa. Husemwa kwamba maneno ni ya fulani na muziki umetiwa na fulani. Kitenzi kutia huonyesha kuwa kipo chombo kilichotangulia, nacho ni shairi, na kwamba mwenye kutia muziki huongeza ndani yake kitu ambacho hakikuwamo, kama chumvi itiwavyo katika mchuzi. Kazi yake ni ya pili kwa wakati, lakini si ya pili kwa thamani. Shairi moja laweza kutiwa mahadhi mawili yakawa nyimbo mbili zisizofanana.

Ala hupigwa, iwe ganuni, udi, fidla, nai au dumbaki. Waitikiaji huitikia, yaani hupokea sauti ya mwimbaji na kuirudisha. Mwimbaji huimba, na kabla ya kuimba hupewa wimbo. Kitenzi hiki cha kupewa kinastahili kuangaliwa. Katika chama mwimbaji hajichukulii wimbo. Hupewa kwa kutazamwa sauti yake inafaa mahadhi gani. Akishapewa, wimbo hujulikana kuwa ni wake, na mwimbaji mwingine haukamati ila kwa ruhusa.

Hata hapa lugha imegawa haki sawasawa: mtu mmoja ametunga, mwingine ametia, wengine wamepiga, wengine wameitikia, mmoja amepewa. Lakini upo mlango mwingine katika Kiswahili ambao huzichanganya haki hizi zote, nao ni kiunganishi -a. Husemwa wimbo wa fulani. Je, ni wimbo alioutunga, au alioutia muziki, au aliopewa auimbe, au unaomsema yeye? Maneno yanaruhusu maana zote nne. Katika mazungumzo ya wanachama hapana tatizo, kwa sababu msikilizaji anaijua habari. Ilhali nje ya chama masikio huchagua maana iliyo karibu, na maana iliyo karibu ni ile ya mtu anayeonekana, yaani mwimbaji. Vitenzi vinampa kila mmoja kiti chake; kiunganishi kinaacha kiti kimoja tu.

Makabidhiano ya maneno

Mahali pa kwanza ambapo ushirika hupimwa ni pale mtunzi anapomkabidhi mwimbaji maneno. Nyimbo nyingi za taarabu zina beti za mistari mitatu, na kila mstari una vipande viwili vya mizani nane nane. Mtunzi huhesabu mizani kwa silabi, lakini mwimbaji huipima kwa pumzi. Vipimo hivi viwili hukubaliana mara nyingi, ila si mara zote.

Chukua neno mtu. Kwa hesabu ya mtunzi lina mizani mbili, m na tu, nayo ni hesabu sahihi. Lakini ikiwa mahadhi yanataka sauti ivutwe mahali ilipoangukia ile m, mwimbaji hana irabu ya kuivuta. Midomo yake imefungwa. Atatafuta neno jingine. Akiweka mwana, amepata irabu na mizani hazikupungua, lakini ikiwa neno hilo liko mwisho wa kipande, kina cha -tu kimevunjika. Akiweka watu, mizani ni zile zile, kina ni kile kile, na irabu ya kuvuta imepatikana. Atadhani amefanya vyema na hakuna kilichoharibika.

Hakika kimeharibika kitu kikubwa. Taarabu ni sanaa ya fumbo. Mtunzi aliyesema mtu alimkusudia mtu mmoja, pengine alipewa kisa chake kwa siri na mwenye kuudhika. Mwimbaji aliyesema watu ameugeuza mshale mmoja kuwa mvua ya mawe. Waliokuwa hawamo wamejiona wamo, na aliyekusudiwa amepata pa kujificha. Irabu moja imebadili maana, na lawama itamrudia mtunzi ambaye hakusema hivyo.

Dawa ya jambo hili ni ndogo, nayo ni kuuliza. Mwimbaji mwenye adabu humrudia mtunzi na kumwambia mahali alipokwama, na mtunzi mwenye adabu hajivuni kwa mizani yake, bali huupanga upya mstari mpaka maana, kina na pumzi zipatane. Wajibu huu huzidi mtunzi anapotoka sehemu yenye lahaja yake. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, aliandika mashairi yaliyoimbwa katika taarabu, na katika lugha yake yalikuwamo maneno ya kisiwani kwao. Mwimbaji wa mjini asiyeuliza maana ya neno la namna hiyo huweza kulitamka kwa haki na kuliimba kwa moyo usiolingana nalo.

Mfano wa Siti binti Saad

Hapana mfano ulio bora wa ushirika mwema, na wa hatari yake, kuliko ule wa Siti binti Saad na wenziwe. Siti alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Akahamia mjini kiasi cha mwaka 1911. Husimuliwa kwamba aliyemfunza kuimba ni Ali Muhsin, naye alikuwa mtu wa Ikhwani Safaa. Jambo la kwanza la kuangaliwa ni hilo: mwimbaji aliyepata sifa kuliko wote wa zama zake alianza kwa kupewa elimu na mtu wa chama ambacho yeye mwenyewe hakuwa mwanachama wake.

Baadaye Siti alikusanyika na wanamuziki ambao majina yao yanajulikana: Subeti bin Ambar, Maalim Shaaban, Mbaruk Talsam na Budda bin Mwendo. Kundi hili halikungoja nyimbo zilizokwisha kutengenezwa. Lilikuwa likikutana, likisikilizana habari za mjini, na kutunga kwa kushauriana. Mmoja akileta kisa, mwingine akileta mstari, na mwingine akitafuta mahadhi. Kisa cha mahakamani, dhuluma ya mwenye nguvu, msiba wa mnyonge, yote yaliingia katika nyimbo zao kwa njia hiyo. Mkutano wa namna hii hauwezekani ila baina ya watu wanaoaminiana, kwa sababu anayeleta mstari mbovu leo lazima awe na hakika kuwa hatachekwa kesho.

Mwaka 1928 walikwenda Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Kwa safari hiyo taarabu ya Kiswahili ilipata chombo kipya, yaani santuri, na sauti ya Siti ikasikika mahali ambapo Siti hakupata kukanyaga. Santuri ilibadili uhusiano wa kazi kwa namna ambayo huenda wenyewe hawakuitambua mara moja. Chamani wimbo huwa na watu wote waliouzaa. Katika santuri huwa na kibandiko kidogo cha duara, na katika kibandiko hapana nafasi ya watu wote. Jina la mwimbaji ndilo linalouza, basi ndilo linaloandikwa. Kiunganishi -a kikapata mhuri wa kiwanda.

Hata hivyo kuna jambo moja katika habari ya kundi hili linalostahili kusifiwa. Wanaume waliokuwa pamoja na Siti nao walirekodiwa wakiimba kwa majina yao wenyewe. Hawakubaki kivulini mwa mwenzao mwenye sifa, wala yeye hakuwa ukuta wa kuwazuia. Mwenye jina kubwa akiwafungulia wenziwe mlango aliofunguliwa yeye, ushirika hupata nguvu ambayo mkataba peke yake hauwezi kuuleta.

Siti alifariki mwaka 1950, na mwaka 1958 wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa. Kwa kitabu hicho yeye amepata ukumbusho anaoustahili. Lakini ni watu wangapi kati ya wanaolijua jina lake wanaoweza kumtaja hata mmoja wa wenziwe? Swali hili halipunguzi heshima ya Siti. Linaonyesha tu kuwa heshima ya kundi imewekwa juu ya kichwa kimoja. Jambo hilo liliendelea kizazi kilichofuata. Fatma binti Baraka, aitwaye Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba nyingi katika nyimbo za wakati wa Siti, na wasikilizaji wa nchi za mbali wakaziita nyimbo za Bi Kidude. Hakuna aliyeiba, yalifanya kazi mazoea ya lugha na ya soko.

Tuzo na lawama

Mahali pa pili ambapo ushirika hupimwa ni penye fedha. Katika taarabu hadhira haikai kimya. Mwenye kuguswa na mstari huinuka, akaenda mbele kwa madaha, akampa mwimbaji fedha mbele ya watu. Tendo hili huitwa kutunza. Neno hilo hilo lina maana ya kulinda na kuhifadhi, kama katika kumtunza mgonjwa au kutunza amana. Maana hizi mbili haziko mbali kama zinavyodhaniwa: anayetoa tuzo huhifadhi sanaa, na anayepokea hupokea kitu cha kuhifadhi.

Swali ni kwamba anahifadhi kwa niaba ya nani. Mkono unaonyooshewa fedha ni wa mwimbaji, lakini mstari uliomwinua mwenye kutoa ni wa mtunzi, na sauti iliyoupeleka mpaka moyoni ni ya wapigaji. Vyama vya zamani vililitatua jambo hili kwa njia nyepesi: fedha za tuzo huingia katika mfuko wa chama, zikanunua nyuzi, zikatengeneza ala, zikasaidia mwanachama aliyepatwa na msiba. Njia hii ina haki, ila inataka sharti moja, nalo ni hesabu ya wazi. Mfuko usiosomewa watu hesabu huzaa minong'ono, na minong'ono huvunja chama upesi kuliko umaskini.

Pamoja na tuzo huja lawama, na hapa mizani inageuka. Mwimbaji ndiye anayepokea fedha mbele ya watu, na yeye pia ndiye anayepokea chuki. Aliyefumbwa hamjui mtunzi. Anamjua aliyemsikia akiimba. Mtunzi anayetumia sauti ya mwenziwe kumaliza ugomvi wake, bila ya kumwambia wimbo unamlenga nani, amemtwika mzigo bila ya kumwonyesha kilichomo. Kwa hiyo wajibu hauko upande mmoja. Kama mwimbaji anavyopaswa kutaja jina la mtunzi panapo sifa, ndivyo mtunzi anavyopaswa kumfunulia mwimbaji siri ya fumbo kabla hajaliimba, ili akubali au akatae kwa hiari yake.

Sheria na adabu

Katika Tanzania Bara Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake ya hakimiliki mwaka 2003, kwa kuwa jambo hili si la Muungano. Kwa mtaalamu wa lugha maneno haya mawili ni ya kupendeza. Hakimiliki ni haki ya mwenye kuumba kazi, kama mtunzi wa maneno na mwenye kutia muziki. Hakishiriki ni haki ya wale wanaoshiriki katika kuifikisha, kama waimbaji, wapigaji na wenye kurekodi. Kwa hiyo ile tofauti ambayo vitenzi vya chamani viliijua zamani, na ambayo kiunganishi -a kiliifuta, imerudishwa na sheria kwa majina mapya.

Lakini sheria huhukumu kwa ushahidi. Haiwezi kumpa haki mtunzi ambaye jina lake halikuandikwa popote, wala kumgawia mpigaji ambaye hakuna anayekumbuka kuwa alikuwapo. Waswahili wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo ni mali. Karatasi ya maneno yenye jina la mtunzi na tarehe, daftari la chama lenye majina ya waliopiga siku ya kurekodi, na makubaliano ya mgawo yaliyosemwa kabla ya fedha kuonekana, si dalili za kutoaminiana. Ni ulinzi wa kuaminiana. Ndugu wanaoandikiana leo hawatashtakiana kesho, na watoto wao hawatagombea jambo ambalo wazee walilijua.

Kwa upande mwingine, hati bila ya adabu ni mifupa bila ya nyama. Hakuna mkataba unaoweza kumlazimisha mpigaji amsubiri mwimbaji aliyepotea katika ubeti, au kumlazimisha mwimbaji amgeukie mpiga fidla na kumwachia nafasi aonyeshe ufundi wake. Mambo hayo hutoka katika yale mazoezi ya jioni, watu wanapojuana pumzi.

Wajibu wa wenye kuhifadhi

Yapo mambo ambayo wapenzi wa taarabu hawayatilii maanani kwa kuwa masikio yao yameshiba, lakini mtaalamu hana udhuru huo. Anayekusanya nyimbo, anayezinukuu kwa uchambuzi wa mashairi au kuziweka katika hifadhi, naye ameingia katika ushirika uliokwisha kuelezwa, atake asitake. Akiandika wimbo wa fulani na kuishia hapo, amerudia kosa la kibandiko cha santuri, na kosa lake litaishi zaidi kwa sababu vitabu hukopiana. Anapochambua mizani na kudai kuwa mtunzi amekosea, yampasa kwanza aulize kama mstari aliousikia ni wa mtunzi au ni wa mwimbaji aliyetafuta irabu.

Basi kila wimbo uandikiwe maswali manne: nani ametunga, nani ametia muziki, nani wamepiga na kuitikia, na nani amepewa auimbe. Majibu yako kwa wazee wa vyama, na wazee hawangoji. Vitenzi vya kuuliza maswali hayo vimekwisha kuwamo katika lugha; kilichobaki ni kuvitumia kabla ya wenye majibu kuondoka.